Mwanafunzi Aliyekamatwa na Sigara: Hotuba kwa Wazazi na Walimu wa Urambo

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, viongozi wa chama cha msingi cha wakulima, wazazi na walezi mliotoka vijiji vya mbali kuja kutusikiliza: wazee wangu, shikamooni, na wengine wote nawasalimu kwa heshima.

Nimepewa nafasi hii nizungumze kuhusu uvutaji wa sigara miongoni mwa wanafunzi wa sekondari, na naelewa kwamba wengi wenu mnatarajia nianze na mapafu na saratani. Madhara hayo ni ya kweli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na kwa nchi kama yetu ambako kifua kikuu bado kinatusumbua, inafaa mjue pia kwamba hatari ya mvutaji kuugua kifua kikuu ni takriban mara mbili ya hatari ya asiyevuta. Hata hivyo, kijana wa miaka 15 hashtushwi na ugonjwa utakaomfikia akiwa na miaka 55, na mzazi anayemtisha kwa saratani peke yake hupoteza muda wake. Ninachotaka kuwaeleza leo ni jambo la mwaka huu na la muhula huu: sigara ya mwanafunzi mara nyingi haiji peke yake, na uamuzi tunaoufanya siku anapokamatwa nayo unaweza kumvuta karibu nasi au kumsukuma kwenye yale mengine tunayoyaogopa zaidi.

Nianze na yale yanayojulikana. Mwaka 1994 Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani alitoa taarifa nzima iliyohusu tumbaku na vijana. Muhtasari uliotolewa pamoja na kazi hiyo ulieleza kwamba vijana wanaovuta sigara, wakilinganishwa na wenzao wasiovuta, walikuwa na uwezekano mara 3 zaidi wa kunywa pombe, mara 8 zaidi wa kuvuta bangi na mara 22 zaidi wa kutumia kokeini; tena uvutaji huo ulihusishwa na kupigana na kufanya ngono bila kinga. Takwimu hizi ni za zamani na ni za Marekani, na sipendi mzazi yeyote atoke hapa akiamini kwamba mwanawe aliyeshikwa na sigara tayari ameshafika kwenye kokeini. Kitu kidogo sana ukikizidisha mara 22 kinaweza kubaki kidogo: watumiaji wa kokeini walikuwa wachache miongoni mwa wavutaji, na wachache zaidi mno miongoni mwa wasiovuta, na ndiyo maana tofauti ikaonekana kubwa kiasi hicho. Kwa hapa kwetu tarakimu za kutukaa kichwani ni zile mbili za mwanzo, kwa kuwa pombe na bangi zipo, na zinauzwa kwa bei ambayo kijana wa kidato cha pili anaimudu.

Uhusiano huo umeonekana katika nchi nyingi kiasi kwamba dodoso ambalo Shirika la Afya Duniani hulitumia shuleni, na ambalo limetumika Tanzania pia, haliulizi kuhusu tumbaku peke yake. Mwanafunzi huyo huyo, kwenye karatasi hiyo hiyo isiyo na jina lake, anaulizwa kuhusu pombe, dawa za kulevya, ngono, ugomvi na majeraha, chakula, mazoezi ya mwili, upweke, na kama amewahi kufikiria kujiua. Walioliandaa walijua kwamba ukitaka kuielewa sigara ya kijana, lazima uangalie maisha yake yote kwa mara moja.

Swali gumu ni kwa nini mambo haya huandamana, na hapa naomba uvumilivu wenu, maana jibu tunaloliamini ndilo linaloamua adhabu tunayoitoa.

Wapo waliotafuta jibu ndani ya nikotini yenyewe. Mwaka 1975 mtafiti Denise Kandel, aliyefanya kazi na wanafunzi wa sekondari wa jimbo la New York, alionyesha kwamba vijana huingia kwenye vilevi kwa mpangilio: bia na mvinyo kwanza, kisha sigara na pombe kali, kisha bangi, na baada ya hapo wachache wao dawa nyingine. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, yeye akiwa miongoni mwao, walichapisha jaribio walilolifanya kwa panya: panya waliokunywa maji yenye nikotini kwa siku 7 kabla ya kupewa kokeini waliathirika na kokeini hiyo kuliko wale ambao hawakupewa nikotini, ilhali mpangilio ulipogeuzwa, kokeini kwanza na nikotini baadaye, athari hiyo haikuonekana. Panya si watoto wetu, na wengi wanaovuta sigara hawaendelei hadi kwenye dawa kali. Lakini tunajua kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, inayomsaidia mtu kupima matokeo kabla hajatenda, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, na kwamba nikotini ya moshi huufikia ubongo ndani ya sekunde chache. Ubongo unaojengwa bado hauwezi kuizoea kemikali ya namna hiyo bila gharama.

Nawaomba wazazi msiidharau hatua ya mwanzo. Joseph DiFranza na wenzake huko Massachusetts waliwafuatilia watoto wa miaka 12 na 13, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2000 walionyesha kwamba baadhi yao walianza kupata dalili za utegemezi wakiwa bado wanavuta mara moja moja, wengine ndani ya wiki chache tu tangu waanze. Kauli ya kwamba kijana bado anajaribu tu, na kwamba atashikwa na sigara siku atakapovuta kila siku, haina msingi. Yule mwanafunzi mkali bila sababu, asiyetulia kwenye kipindi cha saa nne asubuhi, anayeomba ruhusa ya kwenda chooni kila mara, inawezekana mwili wake unadai nikotini, na mwalimu anayemwona kuwa mtovu wa adabu anaiona nusu tu ya habari.

Jibu la pili linatazama kile ambacho kijana anakitafuta. Richard Jessor wa Chuo Kikuu cha Colorado aliwafuatilia vijana kwa miaka kadhaa, na mwaka 1977 yeye na mwenzake walitoa hoja ambayo bado inajadiliwa: kwamba kulewa, kuvuta, kufanya ngono mapema na kuvunja sheria ndogo ndogo ni tabia zinazotumikia haja zilezile, yaani kuonekana mtu mzima, kujitenga na amri za wazazi, na kukubaliwa na rika. Ikiwa haja ni moja, haishangazi kwamba anayeitimiza kwa njia moja huifuata na njia nyingine. Mimi naliona jibu hili kuwa lenye manufaa zaidi kwetu, na nitalirudia nikifika kwenye mashamba yetu.

Jibu la tatu ni chungu kulisema mbele ya wazazi, lakini kulificha ni kuwadhulumu watoto. Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda walichapisha utafiti uliofanyika San Diego, uliowauliza maelfu ya watu wazima kuhusu mambo mabaya yaliyowapata utotoni: kupigwa, kudhalilishwa kingono, kumwona mama akipigwa, kuishi na mlevi nyumbani na mengineyo. Waliokutwa na aina 4 au zaidi za mabaya hayo walikuwa na hatari ya ulevi, ya dawa za kulevya, ya sonona na ya kujaribu kujiua iliyokuwa mara 4 hadi 12 ya hatari ya wale ambao hawakupatwa na lolote, na uvutaji wa sigara nao ulikuwa juu miongoni mwao. Tusiseme kwamba hayo ni ya Marekani. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika nchini mwetu mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na kwamba karibu robo tatu ya watoto wa jinsia zote walikuwa wamepata kipigo kutoka kwa mtu mzima au mwenzi. Tunapomwita ofisini mwanafunzi anayenuka sigara, kwa hesabu hizo tu, tuwe tayari kwamba tunaweza kuwa tunazungumza na mtu anayetuliza maumivu ambayo hajawahi kumweleza mtu.

Majibu haya hayapingani, na katika maisha ya kijana mmoja yanaweza kuwepo yote kwa pamoja. Lakini hakuna hata moja linalosema kwamba kijana anavuta kwa kuwa ni mbaya.

Sasa nije nyumbani. Tumbaku ndiyo uchumi wa wilaya hii tangu mpango wa karanga wa serikali ya kikoloni, ulioanza 1947, uliposhindwa. Mkoa wetu wa Tabora unaongoza nchini kwa zao hili, na mabati ya nyumba nyingi za wazazi walioketi hapa yametokana nalo. Sikuja kuwaambia mng'oe miche. Hata Mkataba wa Kimataifa wa Udhibiti wa Tumbaku, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, unazitaka nchi katika kifungu chake cha 17 zimsaidie mkulima kupata shughuli mbadala zenye kipato, wala haumfanyi mkulima kuwa adui. Ninachowaomba ni kuangalia jinsi msimu wa tumbaku unavyomlea mtoto wa kiume.

Mtoto wa miaka 14 hapa kwetu anashiriki kumwagilia vitalu, anapandikiza mvua zinapoanza, anachuma, anafunga majani kwenye vijiti na kuyapandisha kwenye bani, yaani banda la kukaushia tumbaku. Moto wa bani huchochewa usiku na mchana kwa takriban wiki moja hadi majani yakauke, na zamu ya usiku mara nyingi huangukia vijana. Pale kwenye bani anakesha na vibarua watu wazima, wengine wametoka Kigoma kuja kutafuta msimu, na wakati huo wote anahesabiwa kuwa mwanamume: anabeba kazi ya mwanamume, anasikia mazungumzo ya wanaume, na kama sigara inazunguka au kidumu cha gongo kinapita, si rahisi kumtoa yeye peke yake kwenye mzunguko. Kisha Jumatatu anakuja shuleni, anavaa sare, na anaambiwa apige magoti kwa kuchelewa. Kwa miezi kadhaa ya mwaka kijana huyu ni mtu mzima shambani na mtoto darasani, na hakuna anayemsaidia kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Sigara nyuma ya choo cha shule ni namna yake ya kudai ule ukubwa mahali anaponyimwa. Ndiyo haja aliyoieleza Jessor, isipokuwa kwetu imechochewa na kazi halisi ambayo sisi wenyewe tumempa.

Niongeze jambo la afya ambalo wazazi wengi mnalijua kwa kuliona ingawa huenda hamjui chanzo chake. Mtoto anayechuma tumbaku yenye umande au iliyonyeshewa na mvua, kisha jioni akatapika, akaumwa kichwa na kuhisi kizunguzungu, mara nyingi husemwa kuwa ana malaria, amelogwa, au ni njaa ya shambani. Nikotini hupenya kwenye ngozi kutoka kwenye majani mabichi, na wachumaji wasiovuta kabisa wamewahi kupimwa wakakutwa na nikotini mwilini kwa kiwango kinachokaribia cha wavutaji. Sisemi kwamba kazi hiyo humfanya mtoto kuwa mvutaji. Nasema kwamba ni sumu, kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumikisha mtoto katika kazi za hatari, na kwamba kuchuma majani yaliyolowa na kukesha kwenye bani ni kazi za kuwaachia watu wazima.

Baada ya bani huja masoko. Fedha za tumbaku huingia kwa mkupuo, na kijana aliyefanya kazi hupewa chake, wakati mwingine pesa ambayo hajawahi kuishika tangu azaliwe. Hakuna aliyemfundisha aifanyie nini. Vijiwe, kubeti, pombe na bodaboda ya kukodi usiku vinamngoja palepale, na ninyi mnaoishi karibu na senta zetu mnajua vipindi hivyo vinavyokuwa. Kwa kijana wa namna hii, kuuliza kama sigara ilisababisha pombe au pombe ilisababisha sigara ni kuuliza swali dogo mno. Vyote amevipata mahali pamoja, kwa watu walewale, wiki ileile.

Wapo pia wale wanaopanga vyumba mitaani kwa sababu nyumbani ni mbali na bweni hakuna nafasi. Mzazi analeta gunia la mahindi na pesa kidogo mwanzoni mwa muhula, anamwachia Mungu yaliyobaki. Katika geto la wavulana watatu wa kidato cha tatu hakuna mtu mzima wa kuuliza kwa nini taa bado inawaka, nani huyu aliyelala hapa, na harufu hii ni ya nini. Simlaumu mzazi anayetafuta elimu ya mwanawe kwa njia aliyonayo, ila mwenye nyumba anayepokea kodi ya watoto naye ana wajibu, na ningependa serikali ya mtaa iwe na orodha ya vyumba hivyo, na mtu mzima aliyetajwa kwa kila kimoja.

Naomba nikae kidogo kwenye jambo la wasichana, kwa kuwa katika mazungumzo ya sigara huwa wanasahauliwa. Wanawake wachache hutumia tumbaku nchini: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 uliohusu watu wazima ulionyesha asilimia 3.2 ya wanawake na asilimia 14.6 ya wanaume. Kwa hiyo tunadhani suala hili ni la wavulana. Lakini Utafiti wa Afya ya Uzazi na Viashiria vya Malaria wa 2015-16 ulikuta kwamba, katika mkoa wetu wa Tabora, asilimia 43 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa na ujauzito, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Mimba hizo zina sababu nyingi, umaskini na ndoa za mapema zikiwa mbele, na wengi wa waliowapa mimba hawakuwa wanafunzi wenzao. Hata hivyo, ngono isiyo salama ni mojawapo ya tabia zinazoandamana na pombe na sigara, na mvulana anapoingia kwenye mkondo huo, anayebeba tumbo ni msichana ambaye pengine hajawahi kushika sigara maishani mwake. Baba anayesema kwamba mambo ya mwanawe wa kiume ni utundu wa ujana, huku akimfungia binti yake ndani saa kumi na mbili jioni, analinda upande mmoja wa jambo lenye pande mbili.

Ile takwimu ya 2018 ina faida nyingine ambayo ningependa walimu waitumie darasani. Asilimia 14.6 ya wanaume maana yake ni kwamba zaidi ya wanaume 8 katika kila 10 nchini hawatumii tumbaku. Kijana wa Urambo, anayeishi katikati ya zao lenyewe, anaweza kuamini kwamba kila mwanamume kamili anavuta. Aonyeshwe kwamba sivyo, na ahesabu mwenyewe: mjomba, mchungaji, shehe, fundi, mwenyekiti wa kijiji.

Sasa nifikie adhabu, ambayo ndiyo hasa iliyonileta hapa. Katika shule nyingi, anayekamatwa na sigara huchapwa, kisha husimamishwa masomo kwa siku kadhaa, na akirudia hufukuzwa. Naelewa nia. Mkuu wa Shule ana wanafunzi mamia, anataka wengine waone na waogope. Lakini tujiulize kijana aliyesimamishwa kwa wiki mbili mwezi wa pili anakwenda wapi. Mwezi wa pili tumbaku inachumwa. Anakwenda shambani na kwenye bani, au anakwenda kijiweni, yaani anapelekwa kwa amri ya shule mahali palepale ambapo sigara ilimkuta, akiwa sasa na hakika kwamba shule haimtaki.

Utafiti unaonisukuma kulisema hili kwa nguvu ulichapishwa Marekani mwaka 1997. Michael Resnick na wenzake walichambua majibu ya maelfu ya vijana wa kuanzia darasa la 7 hadi la 12, wakatafuta kinachowakinga na tabia hatarishi. Mambo mawili yalijitokeza: kijana kujisikia karibu na wazazi wake na kupendwa nao, na kijana kujisikia kwamba ni sehemu ya shule yake na kwamba walimu wake wanamjali. Kule kujisikia wa shule kulikwenda pamoja na upungufu wa sigara, pombe, bangi, ukatili, mawazo ya kujiua, na kuanza ngono mapema. Angalieni basi kile tunachokifanya. Tunamkuta kijana ana tatizo moja, nasi tunamnyang'anya ile kinga ambayo ingemsaidia dhidi ya matatizo mengine yote.

Nchi yetu imeshavuka hatua hii katika jambo zito zaidi. Mwaka 2021 serikali ilitoa waraka wa kuwarejesha shuleni wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, na wengi wetu tulikubali kwamba kosa au balaa la utotoni halitoshi kumfungia mtu mlango wa elimu. Itakuwa ajabu tukimrejesha mama wa miaka 16 na wakati huohuo tukamfukuza mvulana wa miaka 16 kwa vipisi viwili vya sigara.

Wapo watakaosema kwamba kulea kwa namna hii kunazaa wavutaji zaidi. Ushahidi ninaoujua unasema kinyume. Huko Aisilandi mwaka 1998 asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 walikuwa wamelewa katika mwezi uliotangulia, na asilimia 23 walivuta sigara kila siku. Kufikia 2016 waliolewa walikuwa asilimia 5 na waliovuta kila siku asilimia 3, na waliowahi kuvuta bangi walishuka kutoka asilimia 17 hadi 7. Tazameni kwamba vilishuka vyote vitatu. Hawakupigana na sigara peke yake. Waliwauliza wanafunzi maswali kila mara na kuzirudisha takwimu kwa wazazi wa shule husika, wakawahimiza wazazi wakae na watoto wao siku za kawaida na si za sikukuu tu, wakaweka saa za mtoto kuwa nyumbani jioni, na wakafungua michezo na muziki kwa watoto wote, halmashauri zikisaidia gharama. Ile ni nchi tajiri na sisi hatuna fedha hizo. Lakini mzazi kujua mwanawe yuko wapi saa mbili usiku hakuhitaji bajeti ya halmashauri, na uwanja wa mpira tunao, tunachokosa ni mtu mzima wa kukaa pembeni yake jioni tatu kwa wiki hadi filimbi ya mwisho.

Kuhusu maduka nitasema kwa ufupi. Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 18, na kifungu cha 16 cha mkataba niliotaja kinazitaka nchi zijitahidi kuzuia uuzaji wa sigara moja moja, kwa sababu mtoto hana pesa ya pakiti. Tulishaona jinsi udogo wa kipimo unavyowafikia watoto: pombe ya viroba, iliyokuwa ikiingia mfukoni mwa kaptula, ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Machi 2017. Wenye maduka yaliyo karibu na shule hii tunafahamiana, na baadhi yenu mna watoto hapa. Nawaomba msiwauzie wenye sare, wala waliovua sare.

Kwa Bodi na walimu nina pendekezo moja. Mwanafunzi akikamatwa na sigara kwa mara ya kwanza, asisimamishwe. Aitwe siku hiyohiyo na mwalimu wa malezi, faraghani, bila fimbo mezani, na mzazi au mlezi aitwe ndani ya wiki hiyo. Mazungumzo yasianze na sigara. Aulizwe analala wapi, na nani. Anakula nini asubuhi. Msimu huu amefanya kazi gani na amelipwa kiasi gani. Nani anamdai au anamtisha. Kama kuna anayempiga nyumbani. Kama ana mpenzi, na kama wanajua kujikinga. Kama hulala usiku au hukesha na mawazo. Majibu mengine yatahitaji afisa ustawi wa jamii au kituo cha afya, na mwalimu asijaribu kuyabeba peke yake. Baada ya hapo ndipo sigara izungumzwe, na kijana aelezwe ukweli kwamba siku 3 za kwanza za kuacha ndizo ngumu zaidi, kwamba hasira na kukosa utulivu ni mwili kudai nikotini, na kwamba hali hiyo hupungua. Apewe jukumu la kweli shuleni, linalolingana na ule ukubwa aliouonja shambani: asimamie kisima, aongoze timu, atunze zana za bustani. Adhabu ya kufagia inaweza kubaki, sina ugomvi nayo, mradi imfanye abaki ndani ya uzio.

Kwa chama cha msingi, nawaomba katika mkutano wenu wa kabla ya msimu mkubaliane, kijiji kwa kijiji, kwamba zamu za usiku za bani zisifanywe na mtu aliye chini ya miaka 18, na kwamba anayeandika vibarua aulize umri. Bodi ya Shule itakaa kabla ya likizo. Namwomba Mwenyekiti aliweke pendekezo la kutomsimamisha mwanafunzi wa kosa la kwanza kwenye ajenda, na wazazi wanaolipinga nao waalikwe walijadili uso kwa uso na walimu, kwa sababu wao ndio watakaopokea wito wa wiki ile.